Mitamba wa Nyanchama na Mashine ya Nyasi

Jumatatu, 15 Machi 1971

Imefika hapa Ekerenyo! Imeletwa na lori la ndizi, wanaume wakaishusha juu ya mbao, mimi nikipiga kelele — polepole, polepole. Mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia. Ina kiti cha chuma, usukani, gia, na visu chini ya tumbo. Rangi ni kijani, ingawa kijani chenyewe kimebaki mahali pachache. Yule Mzungu daktari wa mifugo wa Kisii anarudi kwao, anauza kila kitu hadi sufuria. Wenzangu walikimbilia vitanda na viti. Mimi nilienda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Tangu ujana nimeendesha greda la Serikali. Barabara zote hizi za Nyamira nimezisawazisha mimi, na kila jioni naandika kitabuni nilikofika, kwa Kiswahili, kama tulivyofunzwa kazini. Waliponistaafisha kitabu kikabaki, greda likaenda. Mikono ikawa haina la kushika. Leo imeshika usukani. Nimefurahi, niseme nini tena.

Kwamboka, mke wangu, hakuja kuitazama. Alisimama mlangoni akiangalia zizi. Najua alichokuwa akiangalia. Mitamba wawili wa Nyanchama wameondoka, bei yao ndiyo mashine hii. Nyanchama, binti yetu, aliolewa Januari, na kwa desturi yetu ng'ombe wa mahari yake wanamngoja kaka yake, Okemwa, aoe nao. Lakini huyo Okemwa ana mchumba? Hana! Anafundisha Nyamira, anavaa tai, anakula mkate. Kabla hajapata msichana nitakuwa nimekata nyasi za wilaya nzima, nimerudisha mitamba wanono kuliko wale.

Jumatano, 17 Machi

Kwamboka ameenda. Amebeba Biblia, kikapu na yule kuku mweusi. Ameenda kwa kaka yake Momanyi, huko Birongo.

Hakugomba. Ningeshukuru kama angegomba. Alipika chinsaga, zile mboga zetu za kienyeji, akafunika sufuria, akajifunga leso. Kisha akasema: "Baba Nyanchama, siku mitamba wa watoto watakapolala tena katika zizi hili, nitumie habari."

Chinsaga zilikuwa tamu. Sikuzimaliza.

Jumapili, 28 Machi

Mashine hii ina tabia zake. Asubuhi haitaki kuamka. Nikivuta kamba inakohoa, inatema moshi, inanyamaza. Tarsem, fundi mwenye duka la vipuri Kisii, alinieleza: ondoa plagi, isugue kwa msasa, ikaushe, rudisha. Nikafanya hivyo. Ikanguruma! Nikazunguka nayo mpaka barabarani na kurudi, watoto wa jirani wakinifuata. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hakuna mtu.

Nyumba ikikosa mke inakuwa kubwa ghafla. Sikujua. Nilidhani ni ndogo, mara ngapi nimelalamika ni ndogo.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua kila siku. Nyasi zinaota mpaka juu ya mawe. Nikasema sasa ndio wakati wangu, nikavaa koti, nikaenda kutafuta kazi.

Hedimasta wa kwanza alinisikiliza vizuri, akanipa kiti. Akasema wanafunzi wanaochelewa hupewa fyekeo, na wanaochelewa ni wengi, kwa hiyo uwanja wake ni safi. Misheni ya Wakatoliki wana ng'ombe wao, wanafungwa kamba humo humo uani. Kwa Chifu nilikuwa na tumaini kubwa. Askari wake akacheka, akanionyesha wanaume wameinama kwenye bendera — walioshikwa na chang'aa wiki hii, wanafyeka.

Kumbe nchi hii kila jani lina mwenyewe! Ng'ombe, mtoto mchelewaji au mlevi. Mzungu yule alikuwa hana hata mmoja kati ya hao, ndiyo maana akanunua mashine. Hili sikuliwaza nilipokuwa nyuma ya nyumba yake. Niliwaza usukani tu.

Jumamosi, 24 Aprili

Sabato. Mashine imepumzika. Mimi pia. Kanisani nimekaa upande wa wanaume, nikatazama upande wa wanawake, nikakumbuka.

Jumanne, 18 Mei

Mkanda wa visu umekatika. Nimeubeba mfukoni mpaka Kisii.

Nilimkuta Tarsem peke yake dukani. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nyumbani sasa ni Uingereza. Mkewe na watoto wameshaenda, yeye amebaki kumaliza mali ya duka, na mali ya duka haiishi. Akauangalia mkanda wangu juu na chini. Wa namna hii hana, Nairobi hawana, hata kiwanda chenyewe pengine kimesahau. Tukakaa. Akachemsha chai na maziwa na tangawizi, tukanywa wawili, bila haraka.

Baadaye akatoa mkanda wa mashine ya posho, akaukata, akaushona na waya. Akaniambia kwa Kiswahili chake: "Bwana Ogari, hii nafanya kazi. Lakini mimi nauliza wewe, nani nangojea nyasi yako?"

Nikasema ahsante. Aliniomba nije tena, hata kama hakuna kilichovunjika.

Jumatatu, 14 Juni

Leo nimepata mgeni! Mama mmoja mzee, Bitutu kwa jina, anatoka upande wa Birongo. Alisema amepita kuomba maji ya kunywa. Nikamkaribisha kwa furaha nyingi mno, nafikiri alishangaa. Nikamkatia ndizi mbivu, nikamweka kwenye kiti kizuri. Alikuwa na maswali mengi kama kawaida ya wazee: watoto wako wangapi, mama wa nyumba yuko wapi, migomba ni yako yote, na zizi mbona kimya.

Nikamwambia, mama, njoo nikuonyeshe mitamba walikokwenda. Nikamfunulia mashine. Nikapanda, nikaiwasha, ikaitika mara ya kwanza kabisa! Nikamweleza hata habari za mkanda. Alisikiliza huku ameshika shavu. Akasema ni kitu kikubwa sana, akachukua fimbo yake, akaenda.

Siku njema. Nimelala mchana kidogo, jambo ambalo silifanyi.

Jumatano, 7 Julai

Okemwa amekuja. Kwetu mtoto wa kiume hamkaripii baba yake, hata baba akiwa amechoma nyumba. Kwa hiyo tulizungumza juu ya mvua. Tukazungumza juu ya bei ya majani chai. Akalitazama zizi, akatazama viatu vyake. Mwisho akasema kwamba mama Bitutu anasalimu.

Nikauliza, Bitutu ni nani kwenu? Akajibu kwa upole kwamba ni esigani.

Esigani! Mshenga anayetumwa na watu wa msichana kuchunguza boma la mvulana, naye haji akijitangaza. Huja kuomba maji, au chumvi, au moto. Mtoto mdogo wa Kisii analijua hilo. Na mimi, mtu mzima, mzaliwa wa hapa, nikampandia mashine mbele yake! Aliuliza ng'ombe wa harusi, nikamwonyesha plagi.

Kumbe mchumba yupo. Anaitwa Esnah, wa Birongo, amekuwepo tangu mwaka jana. Okemwa hakuniambia kwa sababu alikuwa anangoja msimu wa chai uishe, pesa za harusi zipatikane. Sasa watu wa Esnah wanasita. Okemwa hakunywa chai. Alinipa mkono kama mtu anayeaga ofisini.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma, wao wamehama, nala peke yangu.

Jumatatu, 12 Julai

Nimejaribu kuiuza. Hakuna anayeitaka. Mmoja aliuliza kama inaweza kulima, mwingine kama inaweza kusaga. Nikarudi nikaifunika na gunia.

Jumamosi, 17 Julai

Sabato. Mahubiri yalikuwa juu ya mwana mpotevu. Hakuna mahubiri juu ya baba mpotevu, nimetafuta.

Jumanne, 3 Agosti

Kazi! Dereva wa lori la ndizi ameleta ujumbe wa mdomo. Kanisa letu la huko Birongo linataka uwanja wake ukatwe kwa mashine. Ijumaa ya wiki ijayo, mchana. Lori litanichukua mimi na mashine. Nikamuuliza mara mbili — kwa mashine? Kwa mashine, akasema, wametaja mashine yako.

Nimeondoa gunia. Nimekuta panya wamezaa chini ya kiti. Nimewahamisha kwa heshima.

Jumatano, 11 Agosti

Nimenoa visu mpaka vinakata unywele. Nimebadilisha oili, nimefungua kabureta na kuitoa tope, nimekaza nati zote, nimepaka grisi. Mkanda wa Tarsem bado imara.

Dereva amepita kuulizia saa ya kupakia. Akasema itabidi niifanye kazi vizuri, maana ni uwanja wa harusi. Nikauliza harusi ya nani. Alinitazama kana kwamba namtania. Ya mwalimu Okemwa, akasema. Jumapili. Mjomba wake Momanyi ametoa mitamba wawili kutoka zizi lake, watu wa msichana wakaridhika.

Basi nimeitwa kwenye harusi ya mwanangu. Nimeitwa kama fyekeo.

Nimekaa juu ya mashine muda mrefu bila kuiwasha. Nililia. Naandika hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na hakuna atakayesoma. Kisha nikawaza: nisipoenda, uwanja utafyekwa na watoto, utabaki na vichaka vichaka, na Esnah atatembea humo na gauni lake. Nitaenda. Koti nitalikunja chini ya kiti, huenda nikakaribishwa.

Ijumaa, 13 Agosti

Birongo. Naandika nikiwa kitini.

Lori lilinishusha saa saba, likaendelea na safari. Litarudi Jumatatu. Shemeji Momanyi alinisalimu kama mtu anavyomsalimu fundi, akanionyesha mipaka: kuanzia kwenye migomba mpaka mlango wa kanisa. Hakutaja mitamba, nami sikutaja. Kumshukuru ilinipasa, badala yake nikashika kamba ya mashine.

Nikawasha. Ikaitika. Nimekata kwa mistari, kama nilivyokuwa nikichonga barabara, mstari mmoja ukiegemea mwingine. Watu walitoka kutazama. Uwanja ukaanza kuonekana mpana, safi, harufu ya nyasi mbichi kila mahali. Sijafanya kazi nzuri kama hii tangu niache greda. Okemwa alifika na baiskeli, akaniona, akavua kofia. Alivua kofia!

Nyuma ya jiko wanawake wanapika chakula cha kesho, maana jua likizama hakuna kuwasha moto. Kwamboka yumo. Nilimwona mgongo tu, nikautambua.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Kwa nini Ijumaa, tena mchana? Wangeweza kuniita Jumatano, nikakata, nikaondoka. Sasa Sabato inaingia. Mashine haingurumi, mzigo haupakiwi, safari haifungwi. Lazima nilale hapa, nishinde hapa kesho, na Jumapili inikute hapa hapa. Shemeji Momanyi ni mtu mwema lakini hana akili ya namna hiyo. Hiyo ni hesabu ya Kwamboka!

Nikapotoa mstari.

Alikuja mwenyewe na kikombe cha chai. Nilipunguza mwendo, injini ikabaki inaunguruma kati yetu. Amekonda kidogo. Alinitazama, akautazama uwanja, na nadhani ulimpendeza, ingawa hasemi mambo hayo. Akaniambia nimalize upande wa mlango wa kanisa kisha nikaoge, maji yanachemka. Nikanywa chai yote bila kupumua. Kisha akasema, kwa sauti ya kushinda injini:

"Jumapili jioni Esnah anapelekwa nyumbani, Ekerenyo. Bibi harusi hapelekwi kwa mjomba. Mimi ndiye nitakayemwingiza mlangoni. Umekata nyasi za nyumbani?"

Nikajifanya sikusikia. Nikatia gia, nikaenda na mstari wangu.

Sijakata. Tangu aondoke sijakata hata jani moja pale uani. Nilinoa visu, nikabadilisha oili, nikakatia watu wengine uwanja kichwani mwangu kila siku, na kwangu nyasi zimefika dirishani. Kuna kijia kimoja tu, kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine. Ningemkatia nani? Hakuna aliyekuwa akipita. Na sasa nyumba iko kule, mimi na mashine tuko hapa, na Sabato iko katikati. Akifika Jumapili na mkaza mwana mkononi ataona mara moja jinsi nilivyoishi. Sijui kama baada ya kuona ataingia na kukaa, au atamwingiza msichana na kugeuka.

Umebaki mstari mmoja. Nimezima injini, nimejifanya inapoa, naandika ili nionekane nina kazi. Jua limekaa juu ya kilima. Kwamboka hajarudi jikoni. Amesimama pale pale aliponiacha, kikombe kitupu mkononi, anangoja nimjibu.