Nailoni ya Godoro

Karurumo

Kwako binti yangu Peninah,

Huku hatujambo, mvua imeanza na maharagwe yameota. Lile godoro la pesa ulizotutumia nililichagua mwenyewe pale Runyenjes. Nilijilaza dukani mbele ya watu, viatu mkononi, nikakataa yale laini yote. Mgongo wa baba yako unataka gumu.

Lakini alikataa kutoa nailoni lililofungiwa dukani. Alisema godoro la mtu aliyeolewa bila kumwambia litarudi dukani likiwa jipya. Basi tukalalia nailoni, ikilia kila akigeuka.

Jana nilitoka kanisani nikakuta ameitoa mwenyewe, amefunika nayo kuni zisinyeshewe. Nilitandika shuka. Njoo na mume wako.

Mama yako,
Regina