Ngoma ya Umeme ya Mama

Imbaba, Kairo

Dada yangu mpenzi Ihsan,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Baridi ya Iskandaria imepungua? Sisi tu wazima wa mwili; hayo mengine yasome ukiwa umekaa.

Unajua vidole vya Mama vilivyokakamaa. Ngoma ya ngozi ilimshinda, na wateja wake wa kupungwa pepo wakaanza kumkimbia. Akawa analia jikoni akidhani simwoni. Basi nikamtengenezea ngoma ya umeme. Visahani vya mlio, ambavyo pia huhisi mguso, nilivitoa kwenye saa mbovu za Soko la Ijumaa, nikavigandisha chini ya vipande vya ndara, waya zake nikazilehemu kwenye bodi ndogo ndani ya kopo la biskuti. Ukigusa kwa kidole tu, spika inanguruma. Sauti niliyoitia niliirekodi zamani kutoka ile ngoma yake ya ngozi uliyoondoka nayo.

Mama aliitazama akasema, "We Sawsan, pepo wangu wamezoea jogoo, wewe unawalisha ndara?" Lakini alipoigusa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilifurahi sana, dada.

Alhamisi mchana wanawake wakajaa sebuleni. Ubani ukafuka, Mama akaanza mdundo wa pepo wake mwenyewe, kisha akaniachia mimi niuendeleze, akainuka kucheza. Unajua mwiko wetu: mdundo ulioanza haukatwi mpaka pepo ashuke. Katikati umeme ukakatika. Nilisahau betri, mimi niliyekumbuka kila waya! Wanawake wakajaribu kuushika mdundo kwa makofi, ukawaponyoka. Mama akasimama mkono juu, akitabasamu. Jirani yetu Umm Rifaat akanong'ona, "Hajashuka huyo," akabeba viatu vyake mkononi akatoka.

Ngoma nimeichomoa, waya zote nimezikata. Bado inadunda mdundo ule ule, polepole, na haufiki mwisho. Mama anapika, anafua, anakula kitunguu kibichi ambacho hata harufu yake ilikuwa ikimtapisha.

Kwenye simu sikuweza kukwambia, maana alikaa kando yangu akisikiliza. Jana nilimwita Mama. Akageuka, akanijibu kwa adabu kwamba Mama ametoka, yeye ni mgeni tu, na nyumba ameipenda. Naogopa, Ihsan.

Njoo na ngoma ya ngozi tuumalize mdundo, labda Mama atarudi. Msalimie shemeji. Watoto wabusu kwa niaba yangu, lakini usije nao. Huyu mgeni ameniuliza majina yao.

Mdogo wako,
Sawsan