Pistoni Rahisi na Posa ya Luberizi

Fiston,

Mimi Thaddée ni mwana wa Ezéchiel, mjukuu wa Bikulo. Wazee hao hawakuwahi kuchelewa ukweni. Leo asubuhi nimechelewa posa yako kwa kina Dorine. Uliiongezea injini nguvu, kisha ukanunua pistoni rahisi kuliko zote Kamanyola ili ubakize pesa ya bomba la moshi linalonguruma. Zilipopasuka njiani nilikuacha na gari, nikafika Luberizi kwa miguu, wageni wamekwisha kutawanyika. Babake Dorine aliniuliza: «Na bibi, munamutaka wa bei ya chini pia?» Nikarudi nyumbani.

Ugali umefunikwa jikoni. ~~Gari iuzwe.~~ Gari isiguswe. Ninarudi Luberizi kwa kamyo inayobeba mpunga, kuomba radhi. Usinifuate. Dorine akikupigia simu, mwambie mwenyewe ulichochagua. Safari hii unisikilize.

Babu yako