Swali Lililoitwa Kipepeo Wangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu tangu ulipopunguza kukaa kwenye cherehani, na kwamba usingizi unakuja. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa kipaji cha uso kilishonwa na bado kinavuta ninapocheka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi simu yako anaipokea Kaka, na haya ni ya masikio yako peke yako. Tafadhali soma ukiwa chumbani, mlango umefungwa.

Uliniambia Kaka amekuja kwako mkono unaning'inia, kwamba majambazi walimvamia, na kwamba mkewe alikuwa ameshamkimbia na mwanamume mwingine. Ukanilaumu kwa nini sijaja kumwona. Mama, mwanamume mwingine hayupo, na majambazi hawapo. Ngoja nikueleze yote.

Wifi aliondoka kwake akiwa na begi moja na jino lililovunjika. Alipanga chumba upande wa pili wa mji, akabadilisha laini ya simu, na aliyejua anakoishi ni mimi tu. Kazi hakuiacha. Unajua alivyokuwa akiipenda ile pikipiki, na ofisini kwetu hakuna dereva anayefikisha vifurushi haraka kama yeye.

Haukupita muda Kaka akamkuta mlangoni mwa duka la dawa, anamkabidhi mteja mzigo. Alimvua kofia ngumu kichwani akampiga nayo hiyohiyo mpaka wenye duka wakafunga milango kwa woga. Mara nyingine alimvizia kwenye geti la shule, akamwangusha na pikipiki yake na kumkanyaga mbavu huku walimu wanapiga kelele. Tulikwenda polisi. Askari wa zamu aliuliza kama ndoa bado ipo, tulipojibu ndiyo akatuambia twende tukayamalize nyumbani.

Kilichotutesa zaidi ni kutojua anamwonaje. Wifi alibadilisha njia, akabadilisha zamu, na bado Kaka alimtangulia. Mwisho akaniuliza uso kwa uso kama ni mimi ninayemuuza. Sikuweza kukasirika, Mama. Ningekuwa yeye ningeuliza vilevile.

Siku ileile nilirudi ofisini nikaanza kuupekua mfumo. Umewahi kuniuliza nafanya nini hasa mbele ya kompyuta, nikakujibu kwa mzaha kwamba najibu maswali. Basi ni kweli. Simu za wateja na za madereva huuliza, na mfumo wetu hujibu. Kila kinachoweza kuulizwa kimeelezwa mahali pamoja tunapopaita skima: hili jibu lake ni namba, lile ni maandishi, hili haliruhusiwi kuwa tupu. Ukiuliza kisichomo, unakataliwa hapo hapo. Kuna swali la mara moja: kifurushi changu kimefika wapi? Unajibiwa, yameisha. Halafu kuna kujiunga. Unauliza mara moja tu, kisha unakaa kimya, na kila jambo linapobadilika jibu linakufuata lenyewe. Ndivyo mteja anavyoona pikipiki ikisogea kwenye simu yake.

Nilikuta kuna mtu amejiunga na mahali alipo Wifi, bila kifurushi chochote. Kila aliposogea, mtu huyo aliambiwa. Alikuwa akitumia ufunguo wa zamani, msururu wa herufi unaomruhusu mtu kuuliza, uliotengenezwa kwa majaribio wakati mfumo unajengwa. Na kila swali kwetu hupewa jina na mwandishi wake. Hilo liliitwa KipepeoWangu.

Unalikumbuka jina hilo. Alikuwa akimwita hivyo sebuleni kwako, siku za uchumba, mpaka wewe ukawa unawacheka.

Kaka ndiye aliyeijenga ile skima. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, herufi kwa herufi, na wewe ulijivuna kwamba wanao wako meza moja. Alikuambia kampuni ilipunguza watu. Haikupunguza. Alifukuzwa kwa kumpiga mwenzetu ngumi mbele ya wageni, na siku alipotoka hakuna aliyeukumbuka ule ufunguo.

Nikaufuta. Nikaiandika upya skima, mahali pa dereva pasiulizwe na yeyote ila mwenye kifurushi kilicho njiani. Kisha nikakaa nikitazama programu yake inavyojaribu kujiunga, inakataliwa, inajaribu, inakataliwa, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Nilicheka kwa sauti, Mama. Nilidhani tumemaliza.

Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe, saa ya madereva kupakia mizigo, mkononi ana spana ya magurudumu. Mlinzi wetu, yule tunayemwita Mzee Kimya, alimwomba ajiandikishe. Akamvunja taya. Alipita katikati ya watu wanaokimbia, akaja mezani kwangu, akapasua skrini, akanikamata nywele. Neno alilosema lilikuwa moja tu: rudisha. Nikamwambia hakuna cha kurudisha. Akanibamiza uso mezani. Rudisha. Akanibamiza tena, damu ikaniziba macho.

Wifi alikuwa stoo ya mizigo. Stoo ile ina mlango wa nyuma, na pikipiki yake ilikuwa nje, imewashwa. Hakutoka. Alikuja mpaka katikati ya chumba akasema, "Mwache. Niko hapa."

Sitakuandikia yote aliyomfanyia. Jicho la kushoto limekwenda, madaktari wamethibitisha. Nilisikia sauti ya ile spana, na sauti hiyo naisikia hata nikichota maji.

Sasa nifikie lile lililonifanya nifunge mlango wangu na kukuomba ufunge wako. Aliyemvunja Kaka mkono ni mimi. Nilichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani nikampiga nao kwenye mkono ulioshika spana. Spana ikaanguka. Kaka akakaa chini, ameukumbatia mkono wake, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia tulipokuwa wadogo na tumevunja kitu chako. Akasema, "Basi, mdogo wangu. Basi."

Nikampiga tena. Palepale palipovunjika. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa Wifi, la pili lilikuwa langu mwenyewe. La tatu lingekuwa la kichwa, na nisingekuandikia leo nikiwa nyumbani. Wifi, uso wote damu, alitambaa akanishika mguu, akaning'ang'ania mpaka nikauweka mtungi chini. Kwenye zile vurugu Kaka akaponyoka.

Polisi nimewaeleza hivyohivyo, na pigo la pili sikulificha. Safari hii nilikwenda na kumbukumbu za mfumo, kila mahali Wifi alipofuatwa na kila mahali alipopigwa, na mpelelezi alisoma mpaka mwisho bila kuuliza habari za ndoa. Watakuja kumchukua kwako. Usimfiche, Mama, wala usiwadanganye. Huenda na mimi nikashtakiwa. Nitakwenda nikiitwa.

Wifi yuko kwangu. Anajifunza kumimina chai bila kuimwaga, maana kwa jicho moja kikombe kinamdanganya kiko wapi. Anakusalimu sana, na ameniomba nikuulize kama bado unamwita mwanao.

Nisalimie majirani, na mwambie Shangazi nimepata dawa zake. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapa nikiwa nimekaa mbele yako. Chumba tumekufagilia, kitanda kiko tayari. Njoo peke yako.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
nikupendaye.