Redio ya Mitaa Mitatu

Iowa, 9 Juni

Mdogo wangu Neoma,

Mimi mzima, ila magoti. Mahindi yamefika kiunoni.

Kile kiredio changu bado kiko jikoni. Kinasikika mitaa mitatu tu, na kwa udogo huo sheria haidai leseni. Nilikuwa nikisoma matangazo ya misiba, mpaka Mei nilipoanza kusoma vipimo vya maji ya visima vyetu, vilivyoingiwa na kinyesi cha shamba la nguruwe.

Jumanne akaja mkaguzi wa serikali, eti nimeshtakiwa kwa kurusha matangazo haramu. Akapima nguvu ya mawimbi, akasema, "Mama, uko ndani ya sheria. Endelea." Nikamwekea glasi ya maji ya bomba, yatokayo kisimani. Akayanusa, akaisukuma kando.

Hakutaja mshtaki, lakini barua ya mashtaka aliiweka mezani, na mwandiko wa kaka yetu Verlin naujua. Nikamfuata kwenye mazizi ya nguruwe anayosimamia.

"Arvilla, unatuharibia kazi," akasema.

"Na maji tunayokunywa?"

"Kwangu tunakunywa ya chupa tangu Machi."

Tangu Machi, Neoma. Mama anaishi naye ua mmoja. Miezi miwili Verlin alimtazama akinywa ya kisimani, akiumwa tumbo, naye kimya. 

Nimemhamishia mama kwangu, na sasa nasi twanunua ya chupa. Jana adhuhuri nilisoma vipimo vyote, kisha nikasema hewani kwamba Verlin alijua, na tangu lini. Mama alikuwa ameketi karibu yangu.

"Rudia," akasema, "kuna waliokuwa hawajawasha."

Nikarudia.

Verlin akikuandikia, usimjibu.

Dada yako,
Arvilla