Pete Nyekundu za Anse Zabrico

KITUO CHA POLISI, ANSE ZABRICO, MARTINIQUE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ghislaine Ursulet
Umri: Miaka 61
Kazi: Mkata tiketi wa kivuko
Makazi: Mtaa wa Juu, nyuma ya kanisa, Anse Zabrico
Siku: Jumatatu ya Pasaka, saa kumi na robo alasiri
Aliyeandika: Sajini Jocelyn Nirdé

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Mume wangu, Firmin, yuko nje kwenye benchi. Kabla sijaingia aliniambia niseme kwamba alama kwenye mti ilikuwa imefutika. Haikufutika. Ilikuwa nyekundu kama pilipili, na kila mwenye macho aliiona. Andika hivyo, Sajini.

Mnamo Alhamisi Kuu tulihamia ufukweni, kama tunavyofanya kila Pasaka: mahema, magodoro, sufuria, na kaa wetu kwenye kizimba, ambao tulikuwa tumewanenepesha kwa maembe na majani tangu Kwaresima ianze. Mwaka huu binti yangu Maryvonne alikuja kutoka Lyon pamoja na mumewe Benoît na mtoto wao Naëlle, mwenye miaka sita. Benoît ni mtu wa kule kule Lyon. Hakuwahi kula Pasaka kwetu. Ni kijana mpole, anauliza kila kitu, na ukimjibu anaamini.

Lazima nieleze habari ya rangi, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Kwenye fukwe zetu kuna mti unaoitwa mansniye. Tunda lake ni dogo, la kijani, kama tofaa changa, na linanukia vizuri. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa na unaunguza ngozi. Hata maji ya mvua yakipita kwenye majani yake yakakudondokea, yanakubabua. Ndiyo maana watu wa halmashauri huuchora pete nyekundu shinani, ili mgeni apite mbali. Sisi wenyeji hatuhitaji pete, tunaujua kwa jani.

Sasa, ufukweni kivuli kizuri ni kichache na watu wa Pasaka ni wengi. Kila ukoo unataka mti wake. Sisi tuna mzabibu wa pwani, mti mpana usio na madhara yoyote, majani yake kama sahani. Miaka mingi iliyopita tulifika tukakuta watu wa mjini wamekwisha kufunga machela yao pale. Firmin hupaka rangi mashua za wavuvi, hakosi kopo la nyekundu. Mwaka uliofuata alikwenda mapema akauchora mzabibu wetu pete. Watu wakaja, wakaona nyekundu, wakakimbia. Sisi tukakaa kwa raha zetu chini yake, tunakula, tunawacheka. Tumefanya hivyo kila mwaka tangu hapo.

Siku ya Ijumaa Kuu Benoît aliiona ile pete kwenye mzabibu wetu. Akasema, "Baba, kwenye ndege walituambia mti wenye rangi nyekundu tusiusogelee."

Firmin alicheka mpaka akakohoa. "Hayo ni ya wageni, mkwe wangu! Hiyo nimepaka mimi. Ukiona nyekundu hapa, jua hicho kivuli kina wenyewe."

"Kwa hiyo nyekundu ni yetu?"

"Nyekundu ni yetu. Karibu kwenye ukoo!"

Akamgongea glasi ya ramu. Naëlle akaanza kuruka akiimba, "Nyekundu ni yetu, nyekundu ni yetu." Maryvonne alicheka, na mimi nilicheka. Hakuna aliyemwambia Benoît kwamba ziko pete nyingine ambazo si zetu. Nadhani kila mmoja wetu alidhani mwingine atamwambia, au tulidhani jambo hilo mtu huzaliwa analijua.

Leo baada ya chakula barafu iliisha. Nilikwenda dukani njia panda. Firmin na Maryvonne walibaki wakisugua masufuria. Benoît alimchukua mtoto wakaenda kuokota makome upande wa mawe, ambako sisi wenyewe huwa hatukai. Saa nane na nusu hivi nilikuwa narudi kwa njia ya juu, mfuko wa barafu kichwani, mvua ikashuka ghafla. Unaijua mvua yetu, haipigi hodi.

Nilipotokeza juu ya mawe niliwaona. Walikuwa wamejibanza chini ya mansniye mkubwa wa mwisho, wamegusana na shina, na pete nyekundu iko pale kiunoni mwa Benoît kama mshipi. Aliponiona alinipungia mkono. Alifurahi kuniona.

"Mama! Njoo huku! Huku ni kwetu!"

Nikapiga kelele. "Toka! Toka hapo!"

Mawimbi yalikuwa yanapiga, mvua inapiga, naye akaweka mkono sikioni, anacheka. "Hapavuji sana! Njoo, utalowa!"

Sijui niliitupa wapi ile barafu. Nilishuka yale mawe, mimi na goti langu hili.  Nilikuwa napayuka jina la mtoto tu, kwa sababu maneno mengine yalikuwa yamenitoka kichwani. Naye aliposikia jina lake akanyanyua uso juu kunitafuta, macho wazi kabisa, na maji ya yale majani yanamtiririkia usoni.

Nilipofika alinyoosha mkono. Alikuwa na tunda. Lilikuwa limeng'atwa.

"Bibi, tofaa. Tamu."

Benoît akasema, "Usiogope, mama, nimeonja kwanza mimi. Siwezi kumpa mtoto kitu bila kuonja."

Sajini, sentensi hiyo bado naisikia. Hata sasa hivi unapoandika naisikia.

Nilimnyakua mtoto, nikamsukuma Benoît kwa bega, nikamtia Naëlle baharini mpaka shingoni, nikawa namwosha. Nilimwambia asijifikiche macho. Nilimwambia ateme. Alikuwa ananishangaa, alidhani nimemkasirikia kwa kula kabla ya kunawa. Kwa dakika chache hakukuwa na kitu, hata nikaanza kumshukuru Mungu. Kisha akasema, "Bibi, imekuwa pilipili." Baada ya hapo akaanza kulia, na sauti ya kilio ikawa inapungua, ingawa yeye analia zaidi. Koo lilikuwa linafunga. Mabegani palianza kuvimba malengelenge.

Mvua ilikuwa imeshapita. Jua lilimpiga usoni moja kwa moja, na kope zake zilikuwa zimevimba zimefunga. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Bibi, mvua bado?" Nikamwambia bado kidogo, mpenzi wangu. 

Benoît hakuweza tena kusema. Alikuwa amepiga magoti mchangani ameshika koo, na kila nikimtazama ananionyesha mtoto kwa kidole, yaani niende kwa mtoto, nimwache yeye.

Vijana waliosikia kelele zangu waliwaita wazimamoto, maana kwetu wao ndio wanaobeba wagonjwa. Gari lilifika haraka. Kutoka ndiko kulikokuwa na shida. Barabara ya ufukweni Jumatatu ya Pasaka unaijua: magari pande zote mbili, ngoma, watu na sahani za kaa katikati ya njia. Nilitembea mbele ya gari nikigonga boneti za watu kwa viganja. Mmoja akaniambia, "Mama, taratibu, leo sikukuu!" Nilichomjibu usikiandike.

Firmin na Maryvonne walitukuta njiani wakikimbia. Maryvonne alipanda garini na mtoto na mumewe. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mimi na Firmin tulibaki barabarani. Firmin alikuwa bado ameshika sufuria.

Saa kumi kasoro robo Maryvonne alinipigia simu kutoka hospitali. Alisema wamewatia mipira kooni wote wawili ili wapumue, na kwamba macho ya Naëlle yanaoshwa bila kusimama, na daktari hataki kuahidi lolote. Kisha akaniuliza, "Mama, ule mti haukuwa na alama?"

Nikasema, "Ulikuwa nayo."

"Kwa nini aliingia, basi?"

Nilimwambia simu inakatikakatika, nikaizima. Halafu Firmin akaanza habari zake za kufutika. Alisema, "Ghislaine, tukisema ukweli tutaonekana wauaji." Nilimwambia mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ndio huu, na mimi sitaufunika na jani. Ndipo nikaja hapa.

Lakini siyo hilo tu lililonileta. Ninaogopa, Sajini, na sijawahi kuogopa hivi hata wakati wa vimbunga. Hila ile haikubaki kwetu. Miaka mitatu iliyopita Rosalba Cidolit, jirani yetu wa hema, alituiga, akauchora pete mlozi wake, mti usio na sumu. Baadaye ndugu zake. Baadaye watu ambao hata siwajui. Leo ukitembea ule ufuko kutoka mawe mpaka mdomo wa mto, nyekundu imejaa kila mahali, na vijana wameshazoea kuipuuza. Wanaikalia makusudi. Wanasema ndiyo alama ya kivuli kizuri. Na kule mdomoni mwa mto kuna mansniye wengine wa kweli, na watu hawataondoka mpaka kesho asubuhi.

Hiyo ni nini juu ya bati? Ni mvua?

Sajini, acha kuandika. Chukua gari. Twende.

(Maelezo yalisimamishwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Yameendelea hapa kituoni saa kumi na mbili na nusu. J.N.)

Naendelea. Tulifika mdomo wa mto mimi, Sajini Nirdé na konstebo mmoja, mvua ikiwa imekaza. Nilipita mti kwa mti nikishika majani kwa kitambaa. Huu mlozi, huu mzabibu, huu mlozi. Wa nne ulikuwa mansniye. Chini yake kulikuwa na vijana wa Fort-de-France, wanane au tisa, mmoja wao msichana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Walikuwa wamefunga turubai kwenye matawi, lakini turubai lilikuwa fupi, nusu yao walikuwa nje yake, na walikuwa wanacheza domino.

Sajini aliwaamuru watoke. Mmoja akaangua kicheko. "Hee! Sasa babu Firmin anatuma mpaka polisi! Mwaka jana alitufukuza kwenye mzabibu hivi hivi, 'sumu, sumu', tukarudi jioni tukamkuta kajilaza yeye."

Wengine wakapiga makofi. Yule msichana akasema, "Bibi, njoo ucheze, acha wivu." Sajini alikuwa anapaza sauti ya kiserikali, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyozidi kucheka. Mimi nilikuwa namwangalia yule mchanga. Kichwa chake kilikuwa kimetokeza nje ya turubai, na tone lilikuwa linakusanyika kwenye ncha ya jani juu yake.

Niliingia chini ya mti nikaweka kiganja changu juu ya kichwa cha mtoto. Nikawaambia, "Mimi ni mke wa Firmin. Ni kweli, tumewadanganya. Ule mzabibu tuliupaka sisi, kila mwaka. Huu hatukuupaka. Mjukuu wangu yuko hospitalini na mpira kooni, na hajafumbua macho, kwa sababu alituamini."

Hakuna aliyecheka tena. Walitoka wote, domino zikabaki mchangani. Kijana mmoja aligeuka kurudi kuchukua spika yake, nikamkamata shati mpaka likachanika.

Tumewaondoa watu chini ya miti miwili zaidi. Hakuna aliyeumia sana. Mkono wangu wa kulia unawaka, lakini umeoshwa, na haya siyo maelezo ya mkono wangu.

Tuliporudi kituoni nilimpigia simu Maryvonne. Alisema mipira bado, lakini Benoît ameweza kuandika kwa kalamu, na alichoandika ni kuuliza mtoto anaendeleaje. Macho ya Naëlle yamefungwa bandeji, watayaangalia kesho. Nikamwambia, "Uliniuliza kwa nini aliingia." Nikamweleza. Nilimkumbusha Ijumaa, ile glasi, ule wimbo wa mtoto. Nilimweleza kwamba kabla ya kila Pasaka baba yake alipokwenda na kopo, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa na kumwambia wapi hapajakolea.

 Nilikuwa nasikia mashine za hospitali nyuma yake. Nikamwambia nakuja sasa hivi, nitapata gari.

Akasema, "Hapana, mama. Usije."

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimeyasema kwa kinywa changu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: G. Ursulet (ametia kwa mkono wa kushoto)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Kwenye aya ya rangi nilikuwa nimeandika kwamba pete ilichorwa na Firmin Ursulet, bila kumtaja shahidi. Sikurekebisha, kwa kuwa ndivyo alivyosema mwanzo, na la kumshikia taa pia amelisema mwenyewe. Ufuko umefungwa kutoka mawe hadi mdomo wa mto. Nilimpa shahidi nafasi ya gari letu kwenda hospitali. Alikataa, akaomba abaki karibu na simu ya kituo. Firmin Ursulet ameitwa kuingia.

Sajini J. Nirdé
Saa moja na dakika kumi usiku