Kwa Nini Ulimchagua Bi Mwajuma Akuoshe

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sikuja kulia, kulia nimelia vya kutosha. Nimekuja na shaka, na ninayemshuku ni wewe.

Kwa nini ulitaka akuoshe Bi Mwajuma?

Shangazi alipotutajia wosia wako, wanawake walitazamana. Bagamoyo nzima inajua hamkuwa mkisemeshana tangu mimi mtoto wa chuo cha Kurani, na nyumba zenu zinapakana ukuta. Bi Mwajuma akaja na udi wake, akatutoa sote chumbani. Akamwacha shangazi tu amshikie maji, shangazi ambaye macho yake, unajua, hayaoni vizuri. Mimi mwanao wa kukuzaa nikaambiwa nisubiri uani. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu mambo, Mama.

Nakumbuka kabla hamjagombana. Nikitoka chuoni nilikuwa napitia kwake, ananisuka nywele za twende kilioni, mimi natafuna kashata zake, na wewe unamgombeza toka upande wa pili wa ukuta kwamba ananiozesha meno. Mlikuwa mnacheka mpaka Baba anauliza kuna nini. Kisha siku moja ukaniambia, "Ukipita kwake usigeuze shingo." Hukusema sababu. Nikawa nazungukia soko la samaki, nachelewa, mwalimu ananicharaza. Nikaamini Bi Mwajuma ni mchawi. Siku moja aliniwekea kashata juu ya ukuta, nikamtupia kuku wetu, nikakaa kumsubiri afe. Kuku akazidi kunenepa, na mimi nikazidi kushuku.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima. Baba alipokuwa akienda Ubena kununua mahindi, na mahindi yenyewe hatuyaoni, kumbe alikuwa ameoa huko. Mume wa Bi Mwajuma alikuwa shahidi wa ndoa hiyo. Bi Mwajuma akaombwa anyamaze, akanyamaza. Ulimsamehe Baba, hata huyo mke mwenzio ulikuja kumpokea Idi moja ukampikia pilau. Bi Mwajuma hukumsamehe. Ulisema, "Anayejua na hasemi si shoga yangu."

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo unamkabidhi mwili wako?

Nimekaa nikakumbuka miezi yako ya mwisho. Ulikuwa unaoga mlango umeufunga kwa komeo. Joto lote lile, blauzi huvui. Binti yangu Salha akikukimbilia unampokea upande wa kulia tu, na nikitaka kukukanda unasema, "Mgongo huo, mwanangu, uzee." Mimi mjinga nikakuletea dawa ya mgongo.

Juzi nikaenda kwake. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka: uliona nini kwenye mwili wa mama yangu? Akaendelea kuchambua. Akasema, "Nilichokiona nimekizika naye." Nilikasirika, Mama. Nilisimama nikavaa viatu bila hata kumuaga. Nimefika mlangoni, akaniita kwa jina langu la utotoni. Akasema, "Nenda hospitali ukapimwe maziwa. Yote mawili. Wala usiniulize kwa nini."

Hakuinua uso kutoka kwenye ungo. Mimi mkono wangu ulikuwa umeshafika kifuani wenyewe.

Basi nimeelewa kwa nini ulimchagua. Katika mji huu ambao ukipika pweza mtaa wa pili wanajua, ulimtaka mmoja asiyesema. Ulimnunia kwa hilo maisha yako yote, kisha ukalihitaji. Nina hasira na wewe. Ningekupeleka Dar, ningelala sakafuni hospitalini, ningefanya lolote, wewe ukaniacha nikuletee dawa ya mgongo.

Bado kuna shaka moja imebaki. Sijui kama ulimwachia maneno yale aniambie, au ni yeye aliyeshindwa kunyamaza mara ya pili. Nikimwangalia usoni siambulii kitu. Huyo mwanamke hasomeki.

Nakuaga, Mama. Mwenyezi Mungu akulaze pema, na udongo wa Bagamoyo usikulemee. Jumatatu nakwenda kupimwa. Nimemwomba Bi Mwajuma anisindikize, amekubali. Na majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, Salha atayasikia kutoka kinywani mwangu, siku hiyohiyo, na nitamwonyesha mahali penyewe.

Mwanao.